Laini ya Marehemu

Kidole gumba cha shangazi yangu kilikuwa mali ya mtaa. Miaka ile nusu ya watu wa kwetu Temeke walikuwa bado wanasubiri vitambulisho vya taifa, wanaambiwa njoo kesho, njoo mwezi ujao, namba ipo ila kadi bado, na yeye alikuwa na chake tayari kwenye mkoba. Laini ya simu haisajiliwi bila kitambulisho na alama ya kidole, kwa hiyo watu wakawa wanamfuata. Mpangaji aliyeingia juzi kutoka Lindi, dada wa kazi wa nyumba ya pili, muuza mihogo aliyeibiwa simu na laini zake zote. Kila mara shangazi alivaa baibui, akafuatana nao mpaka kwenye mwavuli wa wasajili laini, akabonyeza kidole kwenye kile kimashine, akarudi nyumbani. Hakupokea hata soda. Alisema kidole hakipungui, sasa amnyime mtu kwa nini?

Kumsajilia mtu mwingine laini kwa jina lako ni kosa. Yeye hakulijua hilo. Mimi nililijua nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa kwenye foleni.

Alinilea tangu nikiwa darasa la tatu, baada ya baba yangu, ambaye ni kaka yake, kufariki na mama kuolewa kwingine. Shangazi alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyenizidi miaka miwili, na kazi yake ilikuwa kufundisha chuo cha Kurani barazani kwake. Watoto thelathini na kitu, majamvi mawili, misahafu, na fimbo ambayo sikumbuki kuiona ikimgusa mtu. Wakubwa na wadogo walimwita ustadhati. Wazazi waliokosana kwa ajili ya mipaka ya viwanja walikuwa wakikubaliana juu yake tu.

Mwanawe alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana moja Chang'ombe. Mtu wa ajabu yule. Kila jioni alitoka kazini, akaoga, akala, akakaa na mama yake kidogo, akalala. Hakuwahi kubeti hata shilingi mia tano. Nilimpenda, na alinichosha. Ukiishi nyumba moja na mtu wa namna ile, kila unachofanya kinaonekana kichafu kuliko kilivyo.

Nilipomwomba shangazi anisajilie laini ya pili nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kitambulisho changu kilitoka na jina lililokosewa, nikakirudisha, nacho hakikurudi.

"Ya nini, baba?" aliniuliza. Aliniita baba kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake.

"Ya biashara, shangazi. Uwakala."

"Wa pesa?"

"Wa pesa."

"Alhamdulillahi," akasema, akaingia ndani kuvaa baibui.

Na kweli nilikuwa wakala, kwa miezi kama minane. Kulikuwa na tovuti moja ya kubeti, ya nje, mpaka leo sijui ya nchi gani, ambayo haikuwa na leseni ya hapa. Mtu ambaye sikuwahi kumwona uso alinipa akaunti ya wakala. Mchezaji ananitumia pesa kwenye ile laini, namwekea salio la kuchezea, akishinda, namtolea. Mimi nakata changu. Watu walitupenda kwa sababu kampuni zenye leseni zinamkata mshindi kodi, tena zinataka kujua wewe ni nani na una miaka mingapi. Sisi hatukumuuliza mtu kitu. Mwanafunzi mwenye sare tulimpokea sawa na tulivyompokea mzee mwenye mvi.

Kubeti si kosa nchini kwetu, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na baraza la shangazi, kulikuwa na duka la kubeti lenye runinga sita, bango la kuwakataza walio chini ya miaka kumi na nane, na leseni imetiwa kwenye fremu ukutani. Duka lile lilikuwa halali kabisa. Mimi, kwenye chumba cha uani na simu zangu mbili, nilikuwa mhalifu. Tofauti kati yetu ilikuwa ile fremu. Leo nafanya kazi kwenye duka la namna hiyo huko Kawe, nimevaa fulana yenye nembo, na askari wakipita wananisalimia. Kazi ni ile ile.

Shangazi hakuiona tofauti hiyo. Kwake yote ilikuwa kamari, na kamari ni haramu. Kila alipoanza darasa la jioni alilitazama lile duka akasema, "Mungu awaongoze." Nyuma ya ukuta wake mimi nilikuwa nawawekea watu salio.

Siku moja tovuti haikufunguka. Sijui kama wenye mamlaka ndio walioizuia au wenyewe walikimbia na pesa. Aliyenipa akaunti hakupatikana tena. Simu zikaanza kuingia, watu wanalia, wanatukana, wanabembeleza. Nikawajibu wachache kwa sauti ya upole, nikawaambia wasubiri, mtandao unasumbua. Kisha nikaitoa ile laini, nikaikata vipande viwili kwa mkasi, nikaitumbukiza chooni, nikaenda kunywa chai. Sikuwahurumia. Niliwaona wajinga, nikajiona mjanja, na nililala vizuri.

Wiki tatu baadaye mtoto wa shangazi alipigwa shoti ya umeme kazini akafariki. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Shangazi alilia kwa sauti ndogo sana, na baada ya siku saba akatandika majamvi barazani, akaendelea kufundisha.

Askari walikuja miezi minne baada ya mazishi, Jumanne, watoto wakiwa katikati ya kusoma. Waliongozwa na mama mjumbe wa mtaa wetu, mwanamke anayependa habari kuliko chakula. Wanaume wawili, nguo za kiraia.

"Ustadhati, samahani," mama mjumbe alisema, macho yake yakitafuta mahali pengine pa kutua. "Hawa ndugu wana mazungumzo na wewe. Ni ishu ya simu."

Mmoja akasoma namba kwenye karatasi akauliza kama ni yake.

"Siijui," shangazi alisema. "Mie nina namba moja tu."

"Imesajiliwa kwa jina lako, mama. Kwa kidole chako."

"Basi itakuwa yangu. Kidole ni changu."

"Imetumika kuchezesha kamari mtandaoni bila leseni."

Alilitamka lile neno bila kupunguza sauti. Watoto wakaacha kusoma, wote kwa pamoja. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alirudi nyuma hatua mbili, akamvuta mtoto kwa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe. Shangazi aligeuka akanitazama mara moja tu. Alikuwa ameikumbuka laini, na nani aliyeiomba, na alichoambiwa siku ile. Kisha akawaambia watoto wafunge misahafu.

Nilimsindikiza kituoni. Nani mwingine angemsindikiza? Mimi ndiye niliyekuwa mwanamume wa nyumba.

Mpelelezi wetu alikuwa kijana mnene mwenye adabu, aliyeamkia shikamoo kabla ya kuanza kuhoji. Juu ya meza simu yake ilikuwa imefunguka, na nikaona mkeka wake, timu sita za mwisho wa wiki amezipanga. Alipokuwa anatafuta karatasi ya maelezo kwenye droo aliniuliza, "Braza, hii timu ya nne, inacheza ugenini, unaionaje?"

"Itoe," nikamwambia. "Beki wao wa kati kaumia."

Akaitoa. Ndivyo tulivyofahamiana.

Shangazi alikuwa anasikiliza. "Mwanangu," alimwambia, "na hiyo si kamari?"

"Hii ina leseni, mama."

"Kwa hiyo ikishapata leseni haiwi kamari?"

Kijana akacheka, bila dharau. "Mama yangu, mie sishughuliki na haramu, haramu ina wenyewe. Mie nashughulika na leseni. Kubeti si kosa. Kosa ni kuwabetisha watu bila kibali."

Shangazi alilipima lile neno. Alikuwa mtu wa kuheshimu sheria, na nadhani alikuwa anatafuta kwa moyo safi mahali ambapo jambo lile lingekaa sawa kichwani mwake.

Mpelelezi akamwomba simu. Shangazi akatoa kitochi chake kilichofungwa mpira ili betri isidondoke. Kijana alikigeuza huku na huku.

"Mama, tuseme ukweli. Sisi tunajua si wewe. Hiki hakifungui hata picha. Wewe tutajie tu uliyemsajilia, uende zako ukapike. Usipomtaja, mwenye laini ni wewe, na kesi ni yako. Sisi tunafuata kidole."

Tulikuwa tumekaa benchi moja, goti langu limegusana na lake. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Maneno yenyewe ni mawili, ni mimi, hayahitaji hata wakili. Niliyasikia mdomoni kabisa, nikayameza.

"Nimewasajilia watu wengi," shangazi alisema. "Nipe muda nikumbuke."

Akapewa mpaka kesho saa tatu asubuhi, kwa dhamana. Mdhamini nikawa mimi. Nikasaini.

Tulirudi mchana. Alikaa uani kwenye kigoda akaanza kuchambua mchicha, nami nikakaa karibu naye.

"Shangazi, kesho utasema nini?"

"Ukweli. Kwani kuna kingine?"

"Ukweli upi?"

Aliendelea kuchambua. "Kwamba nilimsajilia mtoto wa kaka yangu." Alisema bila hasira. Ilikuwa kama ananiomba ruhusa.

Niliogopa. Sitaki kulipamba hilo kwa maneno. Niliogopa jela, niliogopa kupelekwa na pingu mbele ya lile duka la kubeti, niliogopa kulala sakafuni na watu nisiowajua. Na akili yangu, ambayo haijawahi kunifaa kwenye jambo la maana, siku ile ilifanya kazi haraka sana.

"Watanifunga," nikasema. "Utabaki na nani? Mmoja umeshamzika."

Nililenga pale makusudi, na niliona imempata. Mikono yake ilisimama.

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Sema laini ilikuwa ya marehemu."

"Marehemu nani?"

Alijua nani. Alitaka tu nilitamke mwenyewe, na nikalitamka bila shida. "Mwanao. Tarehe zinakaa vizuri, shangazi, mie nimeshazipiga hesabu. Tovuti ilifungwa yeye yuko hai. Marehemu hashtakiwi. Hafungwi, hatozwi faini, hasumbuliwi na mtu. Wanafunga jalada, kila mmoja anakwenda zake. Yeye hapungukiwi na kitu."

"Mtoto yule hakucheza kamari."

"Najua."

"Hata karata hakushika."

"Najua, shangazi. Ndiyo maana haimuumizi."

Mpaka leo sielewi nilikusudia nini kwa kauli hiyo, lakini niliisema kwa utulivu na ilisikika kama hoja. Shangazi akaweka mchicha chini. Kisha akainuka, akatia udhu, akaingia kuswali alasiri, na hakutoka chumbani mpaka magharibi. Nilimalizia mchicha mwenyewe. Nikapika na wali, ukatoka mzuri.

Kesho yake alitoa maelezo. Alizungumza sentensi fupi fupi na kijana akaziandika ndefu ndefu. Alipomaliza akamsomea kwa sauti, kwa kuwa utaratibu ndivyo ulivyo: kwamba yeye, mtu mzima mwenye akili timamu, laini tajwa alimsajilia mwanawe wa kumzaa ambaye kwa sasa ni marehemu, na kwamba huyo ndiye aliyekuwa akiitumia kuendesha kamari. "Hapa tuandike michezo ya kubahatisha," akajisahihisha, akafuta, akaandika upya.

"Ndiyo maelezo yako, mama?"

"Ndiyo."

"Ni ya kweli?"

Huyu ni mwanamke aliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu alisema ameoga na hakuwa ameoga.

"Ni ya kweli," akasema.

Wakamletea kisahani cha wino. Alama ya kwanza ikatoka imepakaa, ikabidi arudie.

Mpelelezi akauliza kama kuna cheti cha kifo. Nilikuwa nacho kwenye mfuko wa plastiki, na nakala tatu. Akalinganisha tarehe, akaitikia kwa kichwa, kisha akaniangalia mimi, wala hakuwa na haraka. Alinielewa. Niliona kabisa kwamba amenielewa, kwa sababu alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Braza," akasema, "una bahati sana na watu wa kwenu."

Lakini meza yake ilikuwa na rundo la majalada, na hili lilikuwa na maelezo, kidole na cheti. Akamwonya shangazi asiwasajilie tena watu laini, akasema kwa umri wake wamemsamehe safari hii, akagonga muhuri. Tulikuwa nje kabla ya saa tano. Nilijisikia mwepesi, nikamnunulia shangazi maji ya chupa. Hakuyafungua.

Mama mjumbe alifanya kazi yake. Ndani ya siku tatu mtaa mzima ulijua kwamba marehemu alikuwa anachezesha kamari. Watu walianza kumkumbuka upya. Zamani walimsifu kwa ukimya. Sasa ukimya ule ule ukawa ushahidi. "Ndiyo maana alikuwa haongei." "Ndiyo maana akirudi kazini anajifungia." Mmoja alisema hata shoti ile haikuwa bure. Wazazi nao wakaanza kuwahamisha watoto wao kimya kimya, huyu ana kikohozi, yule anahamia kwa bibi yake, maana hawakutaka watoto wafundishwe kwenye nyumba iliyokula pesa ya kamari. Kutoka thelathini na kitu wakabaki tisa. Shangazi alitandika jamvi moja, lile lingine akalikunja akaliweka nyuma ya mlango.

Na mimi? Kinyozi aliniuliza siku moja, mkono wake uko shingoni kwangu, "Eti jamaa yenu alikuwaga mtu wa hayo mambo?" Nikashusha pumzi. Nikasema, "Tumwombee tu."

Ijumaa moja baada ya swala akaja mwanamume wa makamo, viatu vina saruji. Alisimama chini ya ngazi ya baraza akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Natokea Chamazi. Ni fundi mwashi. Mimi ndiye niliyepeleka malalamiko polisi kuhusu ile namba ya kubeti. Kituoni wameniambia aliyenidhulumu amekufa na mama yake anaishi hapa. Nimekuja kuhakikisha, kama ni kweli."

Lafudhi yake ilikuwa ya bara, nzito, kila neno limewekwa mahali pake. Nikaitambua. Uso wangu hakuujua, lakini sauti aliijua. Tulizungumza kwa simu mara nyingi, na mara ya mwisho nilimwita bosi wangu, nikamwambia asubiri saa moja.

Shangazi akaniagiza kiti na maji. Nikaleta. Fundi akapokea bilauri, akaniambia, "Asante, kijana." Nikaitikia kwa kichwa, nikakaa kwenye ukingo wa baraza, mdomo nimeufunga.

"Ni kweli," shangazi akamwambia. "Amefariki. Alikuwa mwanangu."

Fundi akanywa maji yote. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti. Alijenga chumba na sebule kwa mikono yake mwenyewe, tofali za udongo, yamebaki mabati. Pesa ya mabati akaicheza, na akakiri kwamba huo ulikuwa upumbavu wake, hamlaumu mtu. Lakini alishinda. Simu ilimwandikia kwamba ameshinda. Akampigia wakala, wakala akamwambia subiri, bosi wangu, usiwe na wasi. Alisubiri mpaka masika yakaingia. Kuta zikalowa, ukuta wa sebule ukadondoka mchana watoto wakiwa shule. Mkewe akachukua watoto akarudi kwao Singida, na tangu hapo simu yake hapokei.

"Sikuja kudai," akasema. "Nilitaka tu kumwona aliyeniita bosi."

Huku pwani tuna desturi moja. Mtu akifa, wenye kumswalia wanawaomba watu wamsamehe, na watu wote wanajibu tumemsamehe. Hata aliyeibiwa ng'ombe anajibu hivyo. Moyoni anaweza kuwa na lake, lakini mdomo lazima utoe hilo neno, kwa sababu maiti hana pa kujitetea, na kwa imani yetu haki ya mtu inamfunga mpaka mwenyewe aiachilie. Sijawahi kusikia mtu akikataa.

"Mwanangu," shangazi akasema, "yeye yuko mbele za haki sasa. Nakuomba umsamehe."

Fundi akafikiri. Alifikiri kweli, niliona.

"Hapana, mama."

Shangazi alidhani mgeni hakuelewa. Akamweleza taratibu, alivyokuwa akiwaeleza watoto, kwamba marehemu anabaki amefungwa kwa haki ya yule aliyedhulumiwa naye, kwamba ni neno moja tu, halimgharimu kitu.

"Nimekuelewa, mama. Ndiyo maana nasema hapana. Kwetu hatumdanganyi maiti. Simsamehe leo na sitamsamehe. Kama huko aliko amefungwa, akae hivyo hivyo. Aningoje, tutaonana."

Shangazi aliteremka kwenye kiti chake. Nilidhani anainuka, kumbe anashuka. Akapiga magoti kwenye sakafu, akamshika fundi viatu kwa mikono yote miwili. Watoto tisa walikuwa jamvini wanatazama. "Mwanangu, nakuomba kwa aliyekuzaa. Alikuwa mtoto mzuri. Wallahi alikuwa mtoto mzuri." Angeweza kumsafisha mwanawe kwa sentensi moja. Aliinua kichwa akanitazama, pale nilipokaa, na ndani ya macho yake hapakuwa na lawama. Kulikuwa na kuomba tu. Alikuwa ananiomba mimi, kama alivyokuwa anamwomba yule.

Niliitazama bilauri. Ilikuwa tupu. Nikainuka nikaipeleka ndani, nikaisuuza, nikaifuta, nikairudisha kabatini.

Nilipotoka, fundi alikuwa ameshaiondoa mikono ya shangazi kwenye viatu vyake, kwa upole, mmoja baada ya mwingine. "Nyanyuka, mama. Wewe sina ugomvi na wewe." Akavaa kofia akaondoka.

"Mfuate, baba," shangazi akaniambia, bado yuko chini. "Mfuate umwombe. Mie hanisikii. Wewe unajuaga kuongea na watu."

Nikamfuata. Nilimkuta amesimama kwenye kona, anangoja bodaboda. Nikasimama hatua tano nyuma yake. Nikifungua tu mdomo angenijua. Hilo lilikuwa jambo zuri kuliko yote ambayo ningeweza kumfanyia yeyote kati yao watatu, fundi, shangazi na marehemu: kufungua mdomo. Aligeuka akaniona.

"Unasemaje, kijana?"

Nikatikisa kichwa. Akaniangalia kidogo, akadhani mimi ni bubu au ni mwendawazimu wa nyumba ile, akanionea huruma. Bodaboda ikaja, akapanda. Nikasubiri pale kwa muda ambao mtu angetumia kubembeleza, nikarudi.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu.

"Kasemaje?"

"Kasamehe," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa, shangazi. Kasema moyo wake mweupe."

Akasujudu pale pale kwenye sakafu ya baraza, mbele ya wanafunzi wake, akabaki amesujudu muda mrefu mpaka nikafikiri amezimia. Alipoinuka paji lake lilikuwa na vumbi na uso wote umelowa. Akanishika mikono yangu miwili. Akaniombea dua, ndefu, mbele ya wale watoto: Mungu anipe umri, aniepushe na fedheha duniani na akhera, anijaalie mtoto wa kiume atakayenisitiri nikifa kama nilivyomsitiri mwenzangu.

Watoto wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.